Ajali imetokea, bima ipo: namna ya kudai Tanzania mpaka ulipwe

Wenye magari wengi hukata bima kwa ajili ya trafiki. Stika ikisoma kwenye simu ya askari, mambo yamekwisha. Mkataba wenyewe hufunguliwa siku ya ajali, tena mtu akigundua kwamba nakala yake iko kwa wakala na wakala hapokei simu. Mwongozo huu unafuata mambo yanavyokuja: barabarani, kituoni, ofisi ya bima, gereji, na pale kampuni inapogoma. Unahusu zaidi gari dogo la binafsi Tanzania Bara.

Kwanza jua umekata nini

Bima ndogo, ile ya thedi pati, kwa gari dogo la binafsi huwa Sh 118,000 kwa mwaka: Sh 100,000 ya ada na asilimia 18 ya VAT. Inamlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali, mpaka kikomo kilichoandikwa kwenye hati. Gari lako haihusiki nalo. Ukiparamia nguzo ya umeme, nguzo italipwa na bampa utanunua mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wenye bima ndogo hulipoteza kwa kutojua tu: ukigongwa na mtu mwingine na kosa likawa lake, unadai kwenye bima *yake*. Kwake wewe ndiye mtu wa tatu. Wapo waliojitengenezea magari kwa mamilioni huku wakisema "mimi nina bima ndogo, sina pa kudai." Pa kudai papo.

Bima kubwa hulipa na gari lako pia: kugongana, kupinduka, moto, wizi. Kiwango cha kawaida kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, ukiongeza VAT. Gari la Sh milioni 20 linakuwa Sh 700,000 na VAT Sh 126,000, jumla Sh 826,000. Katikati ya hizo mbili kuna ile inayolipa watu wengine pamoja na moto na wizi wa gari lako, lakini si kugongana.

Kwenye hati ya bima kubwa tafuta vitu viwili leo, gari likiwa zima.

Kimoja ni kiasi cha kujichangia, maarufu kama eksesi. Ni sehemu ya hasara unayobeba wewe kwenye kila dai, mara nyingi asilimia fulani ya dai na kima cha chini chake. Cha pili ni thamani uliyoandikisha. Hapa watu hujikata wenyewe. Tuseme gari lina thamani ya Sh milioni 16, ukaandikisha milioni 10 ili ada ipungue. Umeokoa Sh 247,800, VAT ikiwemo. Ajali ikatokea na matengenezo ni Sh milioni 4. Kampuni itasema umekatia bima kumi ya kumi na sita tu ya gari, kwa hiyo inabeba kumi ya kumi na sita ya hasara: Sh milioni 2.5. Eksesi ikiwa asilimia 10 na kima cha chini Sh 300,000, inatolewa hiyo 300,000 na unabaki na Sh 2,200,000. Kwa thamani halisi ungelipwa Sh 3,600,000. Na ukiandikisha thamani kubwa kuliko ya kweli hupati zaidi. Unalipa ada ya bure, kwa sababu kampuni hulipa bei ya gari siku ya ajali, na ile uliyoandikisha ni dari tu. Kwa gari lililoagizwa Japani, thamani ni bei ya kulipata gari la aina hiyo likiwa limelipiwa kodi hapa nchini, si ile bei uliyoiona mtandaoni kabla ya meli.

Kisha hakiki bima yako kwenye TIRAMIS, mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima nchini), tiramis.tira.go.tz. Ukiweka namba ya gari na haionekani, risiti ya wakala haikusaidii mpaka jambo hilo linyooke. Fanya hivyo siku hiyohiyo unayolipa.

Dakika 20 za kwanza barabarani

Simama. Sheria ya Usalama Barabarani inakutaka usimame, na anayekimbia huharibu kesi yake hata kama hakuwa na kosa. Washa taa za hatari, weka pembetatu hatua 50 au zaidi nyuma ya gari, mbali zaidi kama ni barabara kuu au kuna kona. Majeruhi kwanza, polisi 112, zimamoto 114.

Kabla magari hayajasogezwa, piga picha. Picha ya karibu ya taa iliyovunjika kila mtu anayo. Inayokosekana ni ya mbali, inayoonyesha magari yalikuwa upande gani wa barabara. Piga kutoka pande zote mbili, na ndani ya picha kiwemo kitu kisichohama: nguzo, kibao cha duka, kituo cha daladala. Halafu alama za breki, vioo vilipomwagika (vioo huanguka pale magari yalipokutana, na mchoro wa polisi hutegemea hapo), namba za magari yote zikionekana pamoja na pale palipobonyea, leseni ya dereva mwingine, na kadi ya gari kama ataitoa. Hakiki bima yake kwenye TIRAMIS palepale. Ukiwa na namba ya gari huhitaji ruhusa yake.

Mashahidi: namba za simu za watu wawili ambao hawakuwa ndani ya gari lako. Kama kuna kijiwe cha bodaboda karibu, anza hapo. Wanakaa hapo kila siku na watapatikana hata miezi sita baadaye. Mpita njia hutampata tena.

Angalia maneno. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Kumpa mtu pole ni utu na hakuna atakayekulaumu. Kusema "usijali, nitakutengenezea" ni ahadi, na kama imo kwenye ujumbe wa simu itakuja kusomwa.

"Bosi, tuyamalize hapahapa"

Si kila mara ni kosa. Kama kioo cha pembeni kimevunjika na kipya ni Sh 180,000, huku eksesi yako ni Sh 300,000, bima kubwa haitakupa hata senti. Maliza, mradi hakuna aliyeumia hata kidogo. Mtu akiumia, hata akisema ni shingo tu inauma, hakuna kumalizana: maumivu ya leo jioni yanaweza kuwa upasuaji wiki ijayo, na ile laki moja uliyompa itaonekana kama dalili kwamba ulijua una kosa.

Shida kubwa ya kumalizana ni kwamba bampa ni plastiki. Inabonyea na kurudi. Nyuma yake kuna chuma cha kupokea kishindo, fremu inayoshika rejeta, kondensa ya AC, vishikizo vya taa, na kwenye magari mapya vitambuzi. Umepewa Sh 200,000 ya kupiga rangi, kesho rejeta inavuja, na simu ya yule bwana haipatikani. Ukienda bima wanaomba ripoti ya polisi; polisi wanakuuliza magari yako wapi.

Ukiamua kumalizana, piga picha zote zilizotajwa hapo juu kana kwamba unakwenda kudai, kisha mwandikishiane: tarehe, mahali, namba za magari, kiasi, na kimelipia nini hasa. Andika "kwa ajili ya bampa ya mbele". Ukisaini "nimelipwa kila kitu, sina dai lolote", umeufunga mlango kwa mkono wako.

Kituoni: fomu ndizo dai lenyewe

Askari wa usalama barabarani atapima na kuchora ramani ya ajali. Uwepo wakati anapima. Kisha zitakuja fomu, na kila moja ina kazi yake:

- PF 90, taarifa ya awali kwamba ajali imetokea.
- PF 93, ripoti ya mkaguzi wa magari. Gari likaguliwe *kabla* ya kutengenezwa. Mkaguzi huandika pia kama breki, usukani na matairi vilikuwa sawa kabla ya ajali. Tairi kipara likiingia humo, kampuni italiona.
- Ramani ya ajali.
- PF 115, taarifa ya mwisho, inayosema nani alikosa na hatua gani imechukuliwa.
- PF 3, kwa kila aliyeumia. Matibabu ya dharura yasisubiri fomu, lakini fomu ijazwe na daktari aliyetibu na irudi kwenye jalada.

Soma kila karatasi kabla ya kuondoka kaunta. Herufi moja ya namba ya gari, namba ya chesisi iliyopishana na kadi, tarehe ya ajali iliyoandikwa kuwa ya siku ya kuripoti: hayo ndiyo makosa yanayorudisha mafaili. Kumwomba askari asahihishe leo ni dakika tano. Akishahamishwa kituo, ni wiki tatu. Andika namba ya jalada na jina la mpelelezi.

Halafu kuna suala la faini. Trafiki anaweza kukuandikia notisi ya Sh 30,000, ukalipa ili uendelee na safari. Fahamu kwamba notisi iliyolipwa ni kumbukumbu kwamba umekubali kosa. Kama kosa ni lako, sawa. Kama si lako, kataa na mwambie askari unataka suala liende mahakamani. Ni haki yako, ingawa utapoteza muda. Upande wa pili ni uleule: anayekudhuru akilipa faini au akihukumiwa, nakala ya notisi yake au ya hukumu ndiyo ushahidi kampuni yake itakaoutaka. Bila hiyo watakujibu kwamba "kosa halijathibitishwa".

PF 115 huchelewa hasa pale kesi inapokuwa mahakamani. Usiisubiri ndipo uanze kudai.

Kuripoti kwa kampuni

Siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi. Mkataba una idadi ya siku za kutoa taarifa na kampuni huzihesabu kuanzia ajali, si kuanzia ripoti ya polisi. Piga simu, kisha fuatisha kwa maandishi kwa barua pepe ya kampuni yenyewe. Wakala au dalali mjulishe pia, lakini kumbuka halipi yeye, na ujumbe uliomtumia WhatsApp unaweza kulala kwenye simu yake. Taarifa fupi inatosha: jina, namba ya gari, namba ya hati ya bima, tarehe, saa, mahali, kilichotokea kwa sentensi mbili, gari liko wapi sasa.

Fomu ya madai ijaze kwa unachokijua. Kwenye swali la mwendo, usibuni. Aliyeandika "km 40 kwa saa" huku picha zinaonyesha alama ya breki ndefu kama basi amejitilia shaka mwenyewe. Mchoro wako ufanane na wa polisi. Kama unaona wa polisi umekosewa, eleza kwa barua tofauti badala ya kuchora wa kwako kimyakimya.

Jambo moja halina mjadala: dereva aliyeandikwa awe aliyekuwa anaendesha. Kubadilisha dereva kwa sababu aliyekuwa kwenye usukani leseni yake imeisha ni mchezo wa siku nyingi, na kampuni zinaujua. Picha za wapita njia, PF 3 ya aliyeumia kifuani kwa usukani, rekodi za simu. Dai zima linakufa, na ni kosa la jinai.

Pamoja na fomu, ambatanisha nakala ya kadi ya gari, leseni, hati ya bima na risiti ya ada, fomu za polisi ulizonazo, picha, kitambulisho, TIN, taarifa za benki na profoma (makadirio ya bei ya matengenezo) za gereji mbili au tatu. Gereji iwe inayotoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Kisichopatikana, andika: "PF 115 itafuata, jalada namba fulani." Kabidhi kwa orodha na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu, maana kampuni inatakiwa kulipa ndani ya siku 45 tangu nyaraka zikamilike, na ubishi wote huwa kwenye neno "zikamilike". Baada ya wiki moja waandikie: "Tafadhali nijulisheni kama kuna nyaraka inayopungua." Wakikaa kimya au wakisema hakuna, umepata tarehe yako ya kuanza kuhesabu.

Mtathmini na gereji

Usifungue gari, usitengeneze, usihamishe gereji mpaka mtathmini wa hasara alione. Yeye huajiriwa na kampuni. Si adui yako, ila hana sababu ya kutafuta ambacho hukumwonyesha. Uwepo, na fundi wako awepo. Gari linyanyuliwe aone chini. Mwonyesheni vishikizo vya taa (taa inaweza kuwa nzima na kishikizo kimekatika), tairi lililokaa upande, mlango usiofunga vizuri, na mikanda ya viti. Mkanda uliofanya kazi siku ya ajali mara nyingi hujifunga na haurudi, unabadilishwa.

Omba kuona orodha: kipi kitanyooshwa, kipi kitabadilishwa, na kitabadilishwa kwa spea gani. Kwa magari tuliyonayo, IST, Noah, Harrier na wenzao, spea iliyotumika kutoka Japani inayouzwa Gerezani, Dar es Salaam, ni ya kawaida, na kwa mlango au boneti ni bora kuliko kopi mpya isiyokaa kwenye nafasi yake. Lakini mifuko ya hewa iliyotumika ikatae moja kwa moja. Hujui ilitoka kwenye gari gani, na hakuna namna ya kuijaribu isipokuwa ajali nyingine. Kampuni ikiweka spea mpya kwenye gari la zamani inaweza kukutaka uchangie kwa sababu ya uchakavu. Kiasi hicho kijulikane kwa maandishi kabla kazi haijaanza.

Fundi akifungua na kukuta zaidi, asimame. Apige picha, kampuni iitwe, ifanyike tathmini ya nyongeza. Mafundi wengi hutengeneza kwanza halafu hupeleka bili, na bili hiyo hukataliwa kwa haki kabisa: hakuna aliyeuona uharibifu.

Gari likiwa tayari utaletewa karatasi ya kuridhika. Usiisaini ndani ya gereji usiku. Liangalie juani, hasa rangi ya metali, kwa kusimama upande. Liendeshe barabara nyoofu uone kama linavuta pembeni. Hakikisha hakuna taa ya onyo inayowaka, na kwamba ile ya mfuko wa hewa *inawaka* unapowasha gari kisha inazima. Kuna mafundi wanaochomoa balbu yake. Lioshe, uone kama maji yanaingia kwenye buti. Kasoro zote ziandikwe kwenye karatasi hiyohiyo kabla ya saini.

Gari likifutwa

Gharama zikikaribia thamani ya gari, kampuni hulifuta na kukulipa thamani. Hapo mjadala ni mmoja tu: lilikuwa na thamani gani siku ya ajali? Ukipewa kiasi kidogo, usijibu kwa hasira, jibu kwa bei: matangazo matatu au manne ya gari la aina, mwaka na kilomita zinazokaribiana, kutoka yadi za hapa. Rekodi za sevisi zako zinasaidia.

Kisha mabaki. Tuseme thamani ni Sh milioni 16, eksesi asilimia 10, na mabaki yamekadiriwa Sh milioni 4. Ukiwaachia mabaki unapata Sh 14,400,000. Ukiyachukua unapata Sh 10,400,000 na gari bovu. Ulizia kwanza nani atalinunua kwa milioni 4 taslimu kabla hujajipa moyo. Ukiwaachia, hakikisha umiliki unahamishwa TRA. Gari lililofutwa limewahi kufufuliwa na kuendelea kula faini kwa jina la mwenye zamani. Na kama gari lina mkopo, benki hulipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki.

Unapodai kwenye bima ya aliyekugonga

Andika barua kwa kampuni yake, nakala kwa mwenye gari. Taja namba ya gari lake, namba ya bima kama ulivyoiona TIRAMIS, tarehe na mahali, kiasi unachodai na mchanganuo wake. Ambatanisha fomu za polisi, notisi au hukumu, profoma, picha, kadi yako. Eksesi ya mteja wao haikuhusu wewe. Hiyo ni kati yao na yeye. Unaweza kudai pia gharama za kuvutwa gari na nauli za siku ambazo hukuwa na usafiri. Watazipinga, na bila risiti watashinda.

Mteja wao mara nyingi hataki kujaza fomu ya madai, na kampuni itakwambia haiwezi kuendelea bila yeye. Mwandikie kwa jina lake ukimpa siku 14, umjulishe kwamba asipojaza utamshtaki yeye na mwenye gari. Barua ya wakili hufupisha hapo.

Kama una bima kubwa, unaweza kulipwa na kampuni yako na yenyewe ikamfuata mwenzake. Ni haraka zaidi, ila eksesi utaibeba kwa sasa. Andika kabisa kwamba ikirudishiwa fedha, nawe urudishiwe eksesi. Usisaini msamaha wowote kwa aliyekugonga, maana utakuwa umeiondolea kampuni yako haki ya kumdai, nayo itakugeukia. Na hasara moja hailipwi mara mbili.

Kwa majeraha, dai huhitaji PF 3, ripoti ya daktari, risiti za hospitali na uthibitisho wa kipato kilichopotea. Kwa kifo: cheti cha kifo, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na orodha ya wategemezi. Usikubali malipo ya mwisho matibabu yakiwa bado yanaendelea. Mguu uliowekwa chuma utahitaji chuma kutolewa. Shauri la madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3, na miaka hiyo haisimami kwa sababu mnaandikiana barua. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla ya kufungua shauri, kwa sababu Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaibana kulipa hukumu kwa sharti kwamba ilipewa taarifa.

Hati ya malipo

Kabla ya hundi utapewa hati ya kusaini. Tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini hayo, hakuna tena cha kuongeza. Kama mnakubaliana juu ya gari tu na majeraha bado, hati iseme hivyo: "kwa uharibifu wa gari pekee".

Wakikataa

Dai barua, na barua itaje kifungu cha mkataba. "Mkurugenzi amekataa" si jibu. Sababu nne hurudi kila mara.

*Leseni* imeisha au si ya daraja la gari hilo. Ni ngumu kuipindua. *Matumizi*: gari la binafsi lilikuwa linabeba abiria kwa nauli, hata wale wa programu za simu. Hii nayo ni ngumu, na dawa yake ni kukata bima ya biashara mapema. *Umiliki*: umenunua gari mkononi, kadi bado ina jina la mwenye zamani, na bima imekatwa kwa jina lake. Bima haihami na gari. Hapa kuna nafasi ya kujitetea ikiwa uliijulisha kampuni na ikapokea ada kwa jina lako. *Ada haikufika*: wakala alipokea fedha yako lakini hakuipeleka. Risiti yake na rekodi ya muamala wa simu ni silaha nzuri, kwa sababu wakala alikuwa anafanya kazi ya kampuni.

Jibu kwa barua kwanza kwa meneja wa madai. Wasipobadilika, peleka lalamiko TIRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za kampuni hizi, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ofisi iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mteja asilazimike kuanzia mahakamani. Peleka barua ya kukataliwa, mkataba, mawasiliano yote kwa mpangilio wa tarehe, na ukurasa mmoja unaosema unadai kiasi gani na kwa nini. Faili lililopangwa husomwa. Mahakama bado ipo baada ya hapo. Kwa mgogoro wa mkataba una miaka 6.

Ajali nje ya mpaka

Bima ya Tanzania haikulindi ukigonga mtu Kenya, Uganda, Zambia au Malawi, isipokuwa uwe na Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Kadi inabeba madhara kwa watu wengine kwa sheria ya nchi uliyopo. Gari lako haliguswi nayo, kwa hiyo kama una bima kubwa iombe kampuni kwa maandishi irefushe kinga mpaka nchi unayokwenda. Ukipata ajali huko, ripoti polisi wa huko na kwa ofisi ya Kadi ya Njano ya nchi hiyo kabla hujaondoka, na uchukue ripoti yao ukiwa palepale. Kuifuata baadaye kutoka Mbeya mpaka Lusaka ni nauli na wiki nzima.